Spirulina ya nyanda za juu na jua la asubuhi

Ndugu Mhariri,

Maelekezo mengi ya kulima spirulina, kimwani kidogo cha majini kinachokaushwa kuwa unga wa chakula, yameandikiwa sehemu za joto. Wanaoyafuata Mbeya, Makete au Njombe kama yalivyo watapoteza bwawa ikifika Juni, na watailaumu mbegu (spirulina hai ya kuanzishia bwawa) bure.

Spirulina hustawi maji yakiwa nyuzi joto 30 hadi 37. Chini ya 20 inazubaa. Lakini baridi peke yake si ndiyo inayoua. Inayoua ni baridi ikifuatwa na jua kali la anga jeupe kama letu. Seli ikiwa imepoa haiwezi kuutumia mwanga inaoupokea, na mwanga huo wa ziada unaiunguza kwa ndani. Maji yaliyokuwa ya kijani kibichi jana yanakuwa manjano, juu panatanda povu. Kwa hiyo bwawa liwe ndani ya kitalu nyumba cha nailoni, na kila asubuhi lifunikwe kivuli mpaka maji yafike nyuzi 20. Kipimajoto kizame majini. Hewa ya kitaluni hupata joto upesi, ikamdanganya mtu.

Lita 1,000 kwa kina cha sentimita 20 zinataka eneo la meta 5 za mraba, na kilo 16 hivi za bikaboneti ya sodiamu ya daraja la chakula, mbali na chumvi, nitreti, fosfeti na chuma kidogo. Magadi ya kulainishia maharage tuyaache jikoni, kwani mara nyingi yana floridi. Urea nayo ikizidi hutoa amonia inayoua bwawa zima. Maji mapya huwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 8.5 hivi, mbegu ikiwa nzito huipandisha yenyewe hadi 10, na hapo ndipo pa kuishikilia. Ikikaa chini ya 9, vimwani vingine hupenya, vikiwemo vinavyotoa sumu ya ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Maji yaliyopita kwa wachenjuaji dhahabu, kama Chunya, yasiguswe kabisa: spirulina hufyonza zebaki.

Kisahani cheupe kikizamishwa sentimita 3 na kisionekane tena, vuna, lakini usizidishe theluthi ya bwawa.

Mali nyingi hupotea wakati wa kukausha. Kinachoitofautisha spirulina na unga mwingine wenye protini ni fikosayanini, rangi ya buluu ambayo maabara zimeipima na kuiona ikizuia uharibifu wa seli. Rangi hiyo huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 45 hivi, na jua la moja kwa moja huiharibu pia. Anayeianika juani kama dagaa anabaki na protini tu, halafu anauza kwa bei ya buluu. Ikamuliwe, ipitishwe kwenye tundu za milimita 2 itoke kama tambi, iwekwe kwenye kaushio la jua lenye kivuli na hewa inayopita, ikauke siku hiyohiyo. Tambi ikikunjwa ivunjike kwa mlio.

Mnunuzi anaweza kujipimia. Atie kijiko cha unga kwenye glasi ya maji baridi, aiache usiku kucha. Maji ya juu yakiwa buluu, unga ni mzima. Yakiwa ya kijani kilichofifia au hudhurungi, buluu imekwisha.

Nao wanaoitangaza kuwa dawa ya kila kitu wanaiharibia soko. Hata vitamini B12 inayosifiwa humo, sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Anayetaka kuiuza kama chakula aende TBS, shirika la viwango. Akidai inaponya, basi ajibu maswali ya TMDA, mamlaka ya dawa.

Kwa wanaoitia kwenye uji wa watoto: uipuliwe kwanza, upoe hadi uvuguvugu, ndipo unga ukorogwe. Limau lisitiwe, maana ukali wake huigandisha ile buluu.

Wasomaji wenu,
Uyole, Mbeya