Mdogo wangu, anza na HTML, React itakusubiri

Mdogo wangu, za huko? Meseji yako nimeipata nikaona nikujibu hapa hapa maana najua wapo wengi wenye swali kama lako. Unataka kujifunza kutengeneza tovuti, unauliza uanze na zana inayoitwa React au lugha ya programu ya Python, au ulipie ile kozi wanayosema ukimaliza tu kazi ipo, na naona kila video unayofungua inakupeleka njia yake mpaka umechoka kabla hujaanza.

Anza na HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Kozi ya kulipia achana nayo kwanza, hela hiyo weka bando.

HTML inataka brauza na sehemu ya kuandika tu, basi, na kompyuta yako hata iwe nzito vipi vyote hivyo inavyo. Andika faili liite index.html, seviu, lifungue kwenye brauza, unaona kazi yako muda huo huo. Na haipitwi na wakati kirahisi, ile tovuti ya kwanza kabisa duniani ya Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, iliyotoka kwa watu 1991, nakala yake bado ipo info.cern.ch na simu yako inaifungua vizuri tu.

Sasa usijifunze hewani, mtengenezee mama mdogo ukurasa wa duka lake la vitenge. Jina la duka, picha kadhaa, bei, mahali alipo, na linki ya WhatsApp. Hiyo linki wala haihitaji JavaScript, lugha ya kufanya ukurasa utende mambo, ni https://wa.me kisha mkwaju (/) halafu namba yake ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele, mteja akibonyeza tu anaanza kuchati na mama mdogo. Yaani HTML peke yake inamletea oda!

Ukishaona ukurasa umekaa kishamba ndio uingie CSS, lugha ya kuupamba ukurasa, yaani rangi, nafasi, mpangilio, na hapo nakuomba ukae sana usikimbie. Wateja wake wanatumia simu, kwa hiyo ule mstari wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake, kwenye head (sehemu ya juu ya faili la HTML) usiusahau, bila huo simu inaona ni ukurasa wa kompyuta inaupunguza wote, maandishi yanakuwa madogo mtu anaanza kuvuta vuta kwa vidole halafu anaondoka zake. Na picha zipunguze kabla hujaziweka, picha moja ya kamera ya simu inaweza kuwa MB 4, ukiweka kumi umemmalizia mtu bando lake kwa vitenge ambavyo hata hajanunua, zikiwa KB 200 hivi kila moja zinatosha kabisa. Mambo haya mengi wanayaruka, mimi naona ndio kazi yenyewe.

JavaScript ije pale unapotaka ukurasa ufanye kitu, mfano mteja achague pisi ngapi na jumla ijihesabu. React ni zana ya JavaScript, imetengenezwa na Facebook ikatoka 2013, ni nzuri, ila ukiingia bila kuijua JavaScript utakuwa unakopi tu vitu huvielewi.

Pa kujifunzia chagua freeCodeCamp, tovuti ya mafunzo, ni bure na mazoezi unafanya ndani ya brauza. The Odin Project nayo bure na naipenda sana, ila inataka uandae kompyuta yenye mfumo wa Linux au Mac mapema, kwa mashine yako hiyo iache kwanza. Ukitaka kujua tagi fulani, yaani zile alama za HTML, inafanya nini, nenda MDN, tovuti ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript. Kiingereza kitakusumbua mwanzoni, soma taratibu, maneno ni yale yale yanajirudia. Chagua moja umalize, usihame hame.

Ukimaliza ukurasa wa mama mdogo uweke GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, hulipii kitu, unapata anwani ya github.io anaiweka kwenye status yake wateja waione. Ukikwama nitumie faili lenyewe, usinipigie picha ya skrini, maana kosa linaweza kuwa mstari wa juu ambao kwenye picha hauonekani. Jioni huwa nipo.