Kikao cha wazazi kabla ya shule kufunguliwa

Wazee wetu shikamooni, na ndugu wazazi wote hamjambo?

Kikao ni Jumamosi hii, saa 8 mchana, maktaba ya Iroquois. Shule za umma za Jefferson County, hapa Louisville, Kentucky, hufunguliwa mapema Agosti, tusisubiri wiki ya mwisho.

1. Anayeanza chekechea awe ametimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Agosti. Leteni cheti cha chanjo tukikague pamoja, hasa dozi mbili za homa ya ini aina A.

2. Tutapitia sifa tano ambazo shule hizi zilitangaza kuwa mhitimu awe nazo. Mojawapo ni kujieleza vizuri. Mtoto anayemsimulia bibi yake kwa Kiswahili tayari anajifunza hilo, jamani msimkatize.

3. Mkalimani wa shule ni bure, ni haki yenu. Nawasihi, msimfanye mtoto atafsiri maneno ya mwalimu wake mwenyewe.

Mchango ni dola 5 kwa familia, za chai na fotokopi. Usiye nazo, njoo tu.

Naomba majibu kabla ya Alhamisi jioni: unakuja au la, watoto wangapi, na kama unahitaji lifti.