Mwanangu, jeki si stendi

Mwanangu Upendo,

Barua hii utaikuta kwenye boksi la spana, chini ya soketi, kwa sababu nikikuambia kwa mdomo unaitikia "sawa baba" na macho yako kwenye simu. Habari za yule kijana wa gereji ya barabara ya chini umezisikia. Jeki iliteleza, gari likamlalia. Yaliyosemwa msibani siyarudii. Ninachotaka ni kimoja: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bila stendi, vile vyuma vya miguu vinavyolibeba gari likishainuliwa. Hata kama ni kuokota nati iliyodondoka. Hata bosi awe amesimama anaangalia saa.

Utanijibu huko Nairobi unakokwenda kazini wana lifti. Lifti wanazo, lakini magari ya Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani, hayaharibikii kwenye lifti. Yanaharibikia porini, kwenye vumbi la Taita, na fundi wa timu ndiye anayelala chini na dakika zinahesabiwa. Hizo Datsun na Escort na Porsche 911 za miaka ya sabini zinarushwa makorongoni tangu mashindano haya yaanze 2003, na kila jioni kuna mtu anayezifunga upya. Sasa mtu huyo ni wewe.

Halafu gari la zamani lina hila yake. Chuma kinaoza kwa ndani, rangi inabaki inang'aa. Land Rover wanaisifu bodi yake ya aluminiamu, kumbe chini chesisi ya chuma imebaki maganda. Ukiweka jeki pale inazama kama kidole kwenye papai bivu. Kwa hiyo nyundo kwanza, jeki baadaye. Gonga taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa na vumbi jekundu linakumwagikia. Hapo pasiguswe na jeki wala stendi. Kama chesisi yote huiamini, weka stendi chini ya ekseli.

Hili la hendibreki nalirudia japo unalijua, maana huko utafanya kazi na vijana wasiolijua. Hendibreki ya hizi Land Rover za zamani haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda difu ya nyuma, zile gia zinazogawia magurudumu mawili nguvu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliachia lizunguke hewani, na gari linaondoka na hendibreki yake imevutwa mpaka mwisho. Kabari mbele, kabari nyuma, kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Ndipo uinue. Ukishaliweka juu ya stendi, lisukume kwa bega kabla hujaingia. Likitikisika, literemshe uanze upya. Na gurudumu ulilolifungua lisilale ukutani, lisukume chini ya chesisi likusubiri.

Usiniambie kwamba gereji yetu stendi zimekuja juzi juzi. Zimekuja.

Wajomba zako bado wananuna, eti nampeleka mtoto wa kike akashike grisi kwa watu. Niliwaambia Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishika spana kwanza, kisha akashinda mbio za Safari Rally za 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi. Wakasema yule alikuwa dereva. Nikawaacha. Yule mzee wa Usa River alipoleta Land Rover 109 yake wiki iliyopita, hakuniuliza mimi habari za taimingi. Aliuliza, "Yule binti yupo?" Nikajifanya sijasikia, nikaendelea kufuta mikono.

Lakini ahadi hukuitimiza. Ulisema utamfundisha Baraka pointi za distributa, zile zinazofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche, kabla hujaondoka, ukamfundisha kufungua kifuniko. Nimemkuta anapima pengo kwa jicho. Nikaanza naye upya. Swichi imezimwa, anazungusha injini kwa hendeli, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine ili ikirudi nyuma isimvunje. Anasimama pale kisigino cha pointi kinapokaa juu kabisa ya pembe ya kamu, ndipo anaingiza kipimo cha milimita 0.4. Kisugue kidogo kinapopita, kisipwaye, kisinase. Kisha karatasi ya sigara katikati ya pointi: anazungusha polepole huku anaivuta, na pale inapoachia ndipo cheche inaporuka. Ilipoachia mara ya kwanza alicheka kama mtu aliyeokota pesa, akataka arudie. Nikajua huyu anaweza. Waya za plagi ndiyo bado, anazipanga moja mbili tatu nne. Nimemwandikia ukutani kwa chaki zamu ya silinda kuwaka: 1-3-4-2. Mpigie simu Jumapili umuulize, usimsaidie kujibu.

Yeye anataka ile mashine ya kupima, ya kuchomeka kwenye kompyuta ya gari. Sina ugomvi nayo, watu wanakula kwa kompyuta siku hizi, na gari jipya bila hiyo utapapasa tu. Ila Land Rover ya 1972 haina pa kuichomekea, na wenye nazo Arusha hii wanazidi kukosa wa kumpelekea. Mafundi niliofanya nao kazi Unga Limited wengi wamezeeka, wengine watoto wao wanauza spea na hawajui spea hiyo inakaa wapi.

Porsche sijawahi kuifungua hata moja. Najua tu kwamba silinda zake sita zimelala, tatu kila upande, haina rejeta ya maji, na injini iko nyuma. Kila unachokifungua kichore kwenye daftari, na bolti zake ziandike zimetoka wapi. Ukirudi Desemba utanifundisha. Usicheke.

Breki za zamani: vumbi lake usilipulize, si kwa kompresa, si kwa mdomo. Lina asbesto. Lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe. Kikohozi changu cha asubuhi mama yako anasema ni baridi ya Ngaramtoni, nami nimekubali kuwa ni baridi.

Nilisema stendi? Mbili, si moja. Matofali hapana. Tofali linapasuka bila kukupa taarifa.

Mama yako amekuwekea sweta kwenye begi la bluu na anasema lisiende kukaa kabatini, Nairobi mwezi wa saba si mchezo. Kadi ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, Namanga wakati mwingine wanaiulizia. Pesa ya kubadilisha usiwape wale wanaokimbilia basi. Ng'ombe anakaribia kuzaa, maziwa ya kununua tutayasahau kwa muda. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi amechukua nusu ya hela na simu yake haipatikani, na mama yako ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepanda juu ya paa. Ada ya Baraka nimeshalipa muhula huu, kwa hiyo mshahara wako wa kwanza usitume nyumbani. Nunua viatu vyenye chuma mbele.

Ukipata nafasi pita Kirinyaga Road uniulizie pointi na kondensa za distributa ya Lucas. Kondensa za siku hizi zinakufa kabla ya zile nilizozitoa, kwa hiyo uliza kwanza kama wana za zamani zilizobaki kwenye maboksi. Na fila geji, kile kipimo cha pengo, ninayoitafuta tangu juzi najua iko humo humo kwenye boksi unaloshika sasa. Kaa nayo. Nitumie nyingine, yenye milimita, ile ya inchi inamchanganya Baraka.

Baba yako