Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Baiskeli Yetu Haina pa Kufikia

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jambo moja lililonikaa rohoni mwaka mzima: Dar es Salaam imejaa watu wanaojua kuendesha baiskeli, kwa nini wanaokwenda nayo kazini ni wachache?

Wengi hujibu kwamba tatizo ni barabara, na wana haki. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, Barabara ya Morogoro kutoka Kimara ina njia ya baiskeli pembeni. Lakini pita Manzese jioni uone: bodaboda zimepaki, meza za matunda zimepangwa, viatu vya mtumba vimemwagwa chini. Siwalaumu, riziki hutafutwa penye watu. Ila mnyonga baiskeli anajikuta kati ya daladala na malori, na barabara nyingine hazina hata hiyo njia. Tumeandika barua kwa wahusika na tutaendelea kuandika.

Hata hivyo, naona tumeikazania barabara tukasahau getini.

Mwaka huu niliitwa kwenye kikao katika ofisi moja mjini. Kutoka Kimara ni kilomita kama 15, na asubuhi sehemu kubwa ni mteremko, kwa hiyo niliwahi. Mlinzi akalifungulia geti gari lililokuwa mbele yangu, kisha akafunga. “Baiskeli haziingii, mzee. Ifunge pale kwenye nguzo.” Nikaifunga kwa mnyororo na kufuli. Kikao kizima mwili ulikuwa ndani, roho iko kwenye nguzo. Nilipotoka, siti haipo. Nilirudi nimesimama juu ya pedeli mpaka kwa fundi, Magomeni.

Yule mlinzi alitii alichoagizwa. Waliomwagiza ndio wanaoamini kuwa baiskeli ni ya muuza mkaa, na muuza mkaa hana shughuli ofisini. Shinyanga baiskeli zimebeba abiria miaka na miaka, hata zikaitwa daladala, na mtu hushuka mbele ya watu bila kuona haya. Kwetu mwenye kazi ya mezani anaogopa kuonekana amefilisika.

Halafu kuna jasho. Kwa joto la Januari, ukifika Posta, katikati ya jiji, shati limegandana na mgongo. Dada zetu wameniuliza mara nyingi: nitabadilishia wapi nguo? Sikuwa na jibu, na hilo limeniuma kuliko siti iliyoibwa.

Kwa hiyo napendekeza mwaka ujao kila mmoja wetu apeleke ombi kwa mwajiri wake. Tuombe vyuma vya kufungia baiskeli ndani ya geti, mlinzi anapoviona, na chumba kidogo chenye bomba na ndoo. Vyuma hivyo fundi wa kuchomelea wa mtaani anavimaliza kwa siku moja, na nafasi ya gari moja inalaza baiskeli kumi. Katibu ameandaa barua. Ni kujaza jina la ofisi tu.

Wageni wa barabara nao tusiwaache peke yao. Kuanzia Jumatatu ijayo tutaongozana kutoka Kimara Mwisho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, nina pampu na viraka vya pancha. Anayetaka kuja aandike jina kwa katibu kabla hatujatawanyika.