Mgao wa lishe uzingatie hali ya jikoni

Mhariri,

Naandika kuhusu lishe ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mukuru na Mathare. Mtu mzima mwenye virusi asiye na dalili huhitaji nishati asilimia 10 zaidi ya kawaida. Akiugua, nyongeza hiyo hufika asilimia 20 hadi 30. Lakini ushauri wa "kula vizuri" humkuta kibarua anayelipwa kwa siku, anayenunua maji kwa mtungi na mafuta ya taa kwa kipimo. Maharagwe anayamudu, moto wa kuyachemsha saa mbili ndio unaomshinda.

Unga wa lishe unaotolewa kliniki nao huishia kwenye sufuria ya nyumba nzima. Ni mama gani atakunywa uji peke yake watoto wakimtazama? Asipoongeza uzito, asihesabiwe kuwa mkaidi.

Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi zipange mgao wa unga huo kwa idadi ya watu nyumbani. Kila ziara, mhudumu aulize: jana ulikula mara ngapi, na unatumia moto gani kupika? Kisha ashauri vyakula visivyomaliza mafuta ya taa: omena (dagaa), mayai, ndengu zilizolowekwa usiku kucha.

Msomaji,
Nairobi