Barua kwa Neema: saa moja ya jioni

Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi nachelewa kutoka ofisini. Ngoja nikusimulie.

Wiki mbili zilizopita, kijana wetu aliyeapishwa kuwa wakili Desemba aliniletea maoni ya kisheria kwa mteja anayetaka kununua hisa za kampuni moja ya hapa mjini. Kurasa tisa, Kiingereza kimenyooka. Ukurasa wa sita palikuwa na uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliotufaa mno: majina ya wadaawa (pande za kesi) yapo, namba ya rufaa ipo, mwaka upo. Nikaingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Namba ile ni ya kesi ya mauaji. Nikamuuliza, "Mwanangu, hukumu hii umeisoma?" Akainama. Akili unde (AI) ndiyo iliyoitunga.

Sikumgombeza. Mwaka 2023, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kosa hilohilo. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaeleza shauri dhidi ya Qatar National Bank ambamo kati ya rejea 45, kesi 18 hazikuwahi kuwepo.

Kinachoniuma zaidi ni kingine. Unakumbuka tulivyoanza? Tulipekua mafaili ya kampuni moja moja, vumbi mpaka puani, kutafuta nani kamhamishia nani hisa na mali gani imewekwa rehani benki. Huko ndiko tulikojifunza kunusa mkataba wenye kasoro. Leo programu inamaliza mikataba mia kabla chai haijapoa, na mteja analijua hilo: "Wakili, mbona unanitoza kazi ya saa kumi?" Ana haki ya kuuliza. Lakini tukishusha bei kwa kumwondoa kijana, miaka kumi ijayo nani atagundua mashine imekosea?

Tena kijana yule alikuwa amebandika pasipoti za wanahisa kwenye hiyo akili unde, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023!

Basi kila jioni nakaa na vijana kwa muda wa saa moja. Kila kesi waliyoitaja tunaifungua, wanaisoma kwa sauti, kisha wananieleza jaji aliamua nini na kwa nini. Ijumaa nitawaomba wabia saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya ofisi. Ninyi huko Arusha mmepanga nini? Nijibu kabla ya kikao.

Rafiki yako,
Rehema