Nirudishieni Enterprise niliyoinunua

Kwa Meneja Mkuu
Nakala: Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: KUONDOLEWA KWA TOLEO LA AWALI LA STAR TREK (1966–1969) KATIKA MAKTABA YANGU, NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA OFISINI KWENU

Ndugu Meneja Mkuu,

Habari za kazi. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu walio chini yako nimeshawaandikia, nimeshawapigia simu, nimeshawafuata mpaka mezani kwao, na nilichoambulia ni kuchekwa.

Masharti yenu unayajua kuliko mimi, sina haja ya kuyanukuu. Nilinunua, sikukodi. Nililipia tamthilia nzima ya Star Trek, ile ya Marekani ya safari za angani ndani ya meli ya Enterprise, episodi zote 79, katika matoleo mawili kama tangazo lenu lilivyosema: lenye efekti za picha za awali, na lenye efekti mpya za kompyuta. Leo nikifungua maktaba yangu ya mtandaoni kwenu nakuta moja tu, hilo jipya. La awali mmeliondoa bila ujumbe wala simu. Mahali pake mmeandika "Toleo bora zaidi".

Hilo peke yake ningelivumilia nikisubiri mrekebishe. Nisichoweza kukivumilia ni kilichotokea kwenye ukumbi wenu wa wateja.

Nilifika na risiti mkononi. Nikamweleza kijana wa mezani kwa upole, naye kwa haki yake alinisikiliza, akamwita msimamizi wake. Msimamizi hakunikaribisha pembeni, hakunipa kiti. Alichukua rimoti ya ile runinga kubwa ya ukutani, akaonyesha meli ya Enterprise ikipita angani katika toleo jipya, kisha akaionyesha ya zamani, akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni na kuuliza kwa sauti: "Jamani, ipi nzuri?" Watu wakanyoosha mikono. Akaihesabu. Halafu akaniambia, "Mama, umeshindwa kwa kura." Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi ni mtu mzima, Ndugu Meneja. Nafundisha vijana kutengeneza filamu. Sikuja kwenu kugombea uchaguzi. Nilikuja kudai mali yangu.

Na kwa kuwa inaonekana hakuna hata mmoja pale ofisini anayeelewa nimepokonywa nini, itanibidi nieleze.

Enterprise iliyochorwa na Matt Jefferies ilikuwa kitu cha kushikika. Modeli kubwa iliyopigwa filamu ina urefu wa futi 11, zaidi ya mita tatu, na sehemu kubwa yake ni mbao. Ilipowekewa taa za ndani, nyaya zake zilitokea ubavu wa kushoto, kwa hiyo upande ule haukupambwa, na kamera ikawa inaipiga kutoka kulia. Mtazamaji mwenye jicho akikaa na episodi za awali ataona jinsi meli inavyoonyeshwa zaidi ubavu huo mmoja, na akiuliza kwa nini, ameshaanza kujifunza kazi. Modeli hiyo ilikabidhiwa kwa taasisi ya Smithsonian huko Marekani mwaka 1974. Wataalamu wa jumba lao la makumbusho ya anga waliifanyia uhifadhi mkubwa uliokamilika 2016. Taifa zima limeona kile kipande cha mbao kinastahili kutunzwa. Ninyi mmeona filamu yake inastahili kufutwa.

Picha za modeli zilipigwa mbele ya pazia la buluu, kisha zikaunganishwa na nyota na sayari kwa mashine, filamu juu ya filamu, na kila tabaka lililoongezwa likaongeza chenga na kupunguza ukali wa picha. Kazi ilikuwa nzito kiasi kwamba kampuni moja ya efekti haikuiweza, ikabidi igawanywe kwa kampuni kadhaa za Hollywood. Fedha zilikuwa chache, ndiyo maana vipande vilevile vya meli vinarudi tena na tena, na sayari ileile inabadilishwa rangi ili iwe sayari nyingine. Watu wanapoyeyuka kwenye chumba cha kusafirishia, ule mng'ao unaouona ni unga wa alumini uliopigwa filamu ukianguka kwenye mwanga mkali. Hayo ndiyo niliyalipia. Chenga zile nilizilipia. Na nyuzi zile za pembezoni mwa modeli, pale pazia lilipokataa kukatika vizuri, nazo nilizilipia.

Barua pepe ya watu wenu ilinijibu: "Picha imeboreshwa, hakuna kilichopungua." Naomba umuulize aliyeandika sentensi hiyo kama anajua tofauti ya kusafisha picha na kubadilisha picha. Kusafisha ni kuchukua negativu ya milimita 35, yaani filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, kuiskani upya, kuondoa vumbi na mikwaruzo, kurudisha rangi iliyofifia. Hilo nalipenda na nalitaka. Kubadilisha ni kuitoa kazi ya mtu na kuweka ya mtu mwingine. Ukinunua mlango wa kuchonga wa Zanzibar, ukarudi nyumbani ukakuta fundi ameung'oa na kuweka mpya wa mashine, hutamshukuru kwa kuwa mpya unang'aa. Utamuuliza wako ameupeleka wapi.

Sina ugomvi na walioutengeneza huo mpya. Kazi ya kampuni ya CBS, wenye mali, iliyoanza kurushwa Septemba 2006, tamthilia ilipotimiza miaka 40, ilifanywa na watu wanaoijua na kuipenda, akiwemo Michael Okuda na mkewe Denise. Baadhi ya sayari zao ni nzuri mno. Lakini hao hao wenye mali, walipotoa diski za Blu-ray mwaka 2009, waliweka efekti za awali na mpya kwenye diski moja, zote kwa picha safi, na mtazamaji akabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha rimoti katikati ya episodi. Wenye kazi wenyewe hawakuthubutu kuifuta ya kwanza. Ninyi ni wauzaji tu. Mamlaka ya kufuta mlipewa na nani?

Naona nimetangulia. Nilipaswa kusema kwanza jinsi nilivyogundua.

Ilikuwa darasani. Somo lilikuwa episodi ya "The Doomsday Machine", ya mwaka 1967, na nilikuwa nimeshawaandaa vijana wangu. Niliwaambia kwamba meli iliyovunjika, Constellation, haikuwa na bajeti ya kujengewa modeli yake. Walichukua modeli ya plastiki ya kampuni ya AMT, ile iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa watoto, wakaiunguza na kuiharibu mpaka ikafanana na meli iliyotoka vitani. Hata namba yake ya ubavuni, 1017, ni namba ya Enterprise, 1701, iliyopangwa upya kutoka stika za kwenye boksi. Vijana wangu hawana vifaa vya mamilioni. Nilitaka waone kwa macho yao kwamba plastiki, moto na mwanga uliopangwa vizuri vinaweza kubeba hadithi ambayo watu bado wanaizungumzia. Nikabonyeza.

Ikatokea meli ya kompyuta. Laini, inazunguka, mabaki yanaelea kila upande. Hakuna plastiki iliyoungua. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, kumbe 1967 walikuwa na kompyuta hizi?" Na ukurasa wenu chini ya episodi ile umeandika 1967. Hakuna neno hata moja linaloeleza kwamba picha ile imetengenezwa miaka 40 baadaye. Mmemdanganya mtoto wa watu mbele yangu, na mimi ndiye niliyebonyeza.

Nilijaribu episodi nyingine, "Arena". Yule Gorn, kiumbe mwenye sura ya mjusi aliyetengenezwa na Wah Chang, sasa anapepesa macho. Macho aliyoyatengeneza Wah Chang hayapepesi! Nilifunga somo mapema siku ile.

Basi ndipo nikaja kwenu, na narudi kwenye ukumbi ule kwa sababu nilipousimulia mara ya kwanza hapo juu niliwahurumia. Sikueleza yote.

Msimamizi wenu aliposhika rimoti, kipande kipya alikichukua kwenye mfumo wenu, safi kabisa. Kipande cha zamani alikitoa kwenye simu yake. Nilikiona. Kilikuwa kimerekodiwa kutoka kwenye kanda fulani, kimefifia, kina mistari, ubavuni kimekatwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho siyo nilichonunua. Nilichonunua nacho kilisafishwa, kiko wazi kama hicho kingine." Hakunitazama. Alikuwa ameshawageukia watu: "Jamani, ipi nzuri?" Wanaume wawili karibu na mlango walinyoosha mikono kabla hata picha ya pili haijaisha. Kijana wa mezani, yule aliyenisikiliza, aliinamisha kichwa. Msimamizi akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka mwisho wa foleni. "Mama, umeshindwa kwa kura." Wakati watu wanacheka akanisogelea na kuniambia, safari hii kwa sauti ya chini, "Halafu haya mambo ya Wazungu yanakuhusu nini?"

Nilishindwa kumjibu pale. Namjibu hapa. Usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, tamthilia hii iliporushwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya NBC ya Marekani kwa episodi ya "The Man Trap", Luteni Uhura, mhusika aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alisemeshwa Kiswahili ndani ya meli ile. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", mashine ilipomfuta kumbukumbu na akaanza kufundishwa upya kusoma, lugha iliyomtoka kinywani ilikuwa Kiswahili. Lugha hiyo ndiyo aliyoitumia msimamizi wenu kunitukana. Yananihusu. Na hata kama yasingenihusu, nilikuwa na risiti.

Msije mkaniambia kwamba kufuta toleo la awali ndiyo desturi ya biashara hii. Mwaka 1998 huko Uingereza misimu mitatu ya kwanza ya tamthilia ya Red Dwarf ilifanyiwa kama haya, modeli zikaondolewa na kompyuta ikawekwa. Mashabiki wakalalamika sana, na DVD zilipoanza kutoka mwaka 2002 zilikuwa za matoleo ya awali. Na Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya baadaye ya ukoo huohuo, ambayo iliunganishwa kwenye kanda za video na kwa hiyo haikuweza kukuzwa tu, walioisafisha kuanzia 2012 walirudi kwenye negativu, wakatafuta picha zilezile za modeli na kuziunganisha upya moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama. Waliifanya kwa sababu walijua wanachokishika ni kazi ya watu. Ninyi hamkuombwa kufanya kazi yoyote. Mliombwa msiguse.

Sasa nasema ninachotaka.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba jambo moja tu: mnirudishie toleo la awali, picha safi, episodi zote, kama nilivyonunua. Hilo bado nalitaka, ndani ya siku 14. Nataka pia kila episodi yenye efekti mpya iandikwe wazi kwamba ina efekti mpya na za mwaka gani, ili mwalimu mwingine asiaibike mbele ya wanafunzi wake.

Lakini baada ya kuandika yale ya ukumbini naona hayatoshi. Nataka fedha zangu zote zirudishwe, na toleo nibaki nalo, kama fidia ya somo lililoharibika na usumbufu wote. Nataka msimamizi yule aniombe radhi. Si kwa simu wala barua pepe. Aniombe pale pale ukumbini, saa ambayo foleni imejaa, kwa sauti ileile aliyoitumia kuhesabu mikono. Kijana wa mezani asiguswe, maana yeye hakukosa, na nikisikia ameadhibiwa nitalihesabu kuwa kosa jingine.

Na zile siku 14 nazifuta. Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, nikiwa na risiti, picha ya tangazo lenu la "matoleo yote mawili", na picha ya ukurasa unaoandika 1967 juu ya kazi ya kompyuta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na wanasheria wenu watakueleza adhabu zake. Walimu wenzangu wa vyuo vya filamu wanaonunua kwenu kwa ajili ya madarasa yao nimeshawaonyesha nakala hii. Wamesimamisha manunuzi mpaka wasikie mmenijibu nini.

Usinipigie simu. Nijibu kwa maandishi, kwa sahihi yako mwenyewe.

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu, mwalimu wa filamu
Dar es Salaam